Nani Ashike Ufunguo?

Mkuu wa chuo cha ualimu hukabidhiwa siri nyingi. Katika miaka yangu ya kazi, majalada ya wanachuo yalikaa katika kabati la chuma lenye kufuli. Humo mlikuwa na anwani za wazazi, habari za maradhi na barua za matatizo ya nyumbani. Sharti lilikuwa moja: kilichotolewa kwa ajili ya matibabu kisitumike kwa jambo jingine bila mwenyewe kuridhia. Kwa sharti hilo naipima historia fupi ya mtandao wa Twitter.

Mtandao huo ulianzishwa Marekani mwaka 2006. Ujumbe ulikuwa na kikomo cha herufi 140, na ufupi huo uliwapendeza wengi, wakubwa kwa wadogo. Huduma ilikuwa ya bure. Fedha zilitoka kwa watangazaji wa biashara. Hapo ndipo tatizo lilipoota mizizi, maana mtangazaji hulipa vizuri zaidi akijua anasema na nani.

Kati ya mwaka 2013 na 2019, kampuni iliwaomba watumiaji namba za simu na anwani za barua pepe, ikisema ni kwa ulinzi wa akaunti zao. Watu zaidi ya milioni 140 walizitoa. Kumbe zilitumika pia kuwalenga kwa matangazo! Mwezi Mei 2022 kampuni ilitozwa faini ya dola milioni 150 huko Marekani. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Elon Musk aliinunua kwa dola bilioni 44, na Julai 2023 akaibadilisha jina kuwa X. Watumiaji hawakuulizwa. Kabati liliuzwa pamoja na majalada yake.

Hata hivyo, njia nyingine ilikwisha kuchongwa. Mwaka 2016 Eugen Rochko, kijana aliyeishi Ujerumani, alitoa programu huria iitwayo Mastodon. Mtu, chama au chuo chaweza kuendesha seva yake, kikajiwekea kanuni zake, na bado wanachama wake wakaandikiana na wa seva nyingine. Ni kama posta: barua ya kutoka Dodoma kwenda Mombasa hupita mikononi mwa mashirika mawili, wala hakuna mmoja anayezimiliki posta zote. Januari 2018 shirika la W3C, linaloweka viwango vya mtandao, liliidhinisha ActivityPub, yaani utaratibu wa seva hizo kuelewana.

Je, siri sasa iko salama? La hasha. Mwendesha seva ya Mastodon anaweza kusoma hata ujumbe wa faragha uliomo humo. Akichoka na kuifunga, maandishi yako yanaweza kupotea naye. Tofauti ni kwamba waweza kuhamia seva nyingine na wafuasi wako wakakufuata. Mlinzi wa siri anayejua kwamba unaweza kuondoka hukuheshimu zaidi.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Ni hatua njema. Lakini, ndugu msomaji, sheria humwadhibu mwizi baada ya mali kutoka. Kabla ya kuandika namba yako popote, uliza kwanza: ufunguo anao nani, na je, naweza kumnyang'anya?