Matundu ya kubania: Kipimo cha benchi la seremala

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

BENCHI nene la useremala ni mali ya miaka mingi, lakini tundu lililotobolewa vibaya juu yake halirudishwi.

Kwa fundi wa Mbinga, au wa Mbamba Bay katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, matundu hayo ndiyo mbadala wa jiliwa ya dukani.

Kinachohitajika ni chuma cha mviringo ambacho mhunzi amekikunja mfano wa tarakimu 7. Mguu wake hupita kwenye tundu, na kichwa chake hulalia ubao. Kikigongwa nyundo juu, mguu hulala upande na kukaza kwenye kuta za tundu. Kikigongwa kwa nyuma, huachia.

Tundu litumikalo sana ni la milimeta 19, yaani robo tatu ya inchi. Chuma kiwe chembamba kidogo kuliko tundu, kipate nafasi ya kulala.

Hapo ndipo unene unapoleta matatizo. Benchi la inchi 2 hadi 4 hushika vizuri. Likizidi hapo, kuta ndefu za tundu hukizuia chuma kulala, nacho huteleza.

Dawa yake ni kulipanua tundu upande wa chini na kubakiza inchi 3 hivi za juu. Benchi hupinduliwa kabla ya kufungwa miguu, na tundu pana hutangulia, kwa kuwa biti pana haitapata pa kushika baadaye.

Kisha biti ya milimeta 19 hufuata katikati ya tundu hilo. Ncha yake ikichungulia upande wa pili, fundi husimama, hugeuza benchi na kumalizia kutoka juu. Akiisukuma hadi itokeze, hupasua uso wa benchi.

Keekee ya mkono inatosha, hata pasipo umeme. Muhimu ni kuisimamisha wima kwa kuilinganisha na skwea pande mbili, na kuitoa mara kwa mara kuondoa vumbi.

Umbali kati ya matundu usizidi mara mbili ya urefu wa mkono wa chuma, na pasitobolewe mahali miguu itakapokaa.

Aidha, mbao ziwe kavu. Milima ya Umatengo hupita meta 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko takriban meta 475. Mbao mbichi ya huko juu ikishushwa kwenye joto la ziwani husinyaa, na tundu la duara huwa la yai.

Anayetoboa mninga afunike pua na mdomo, maana vumbi lake huwasha na huweza kuleta pumu.

Kabla ya yote, fundi ajaribu kwenye kipande cha unene uleule. Chuma kikishika hapo, mikono yote miwili itabaki nyuma ya makali ya patasi, na hakuna kidole kitakachotumika kuzuia ubao.