David Anderson na BOINC: jamaa aliyezipa kazi kompyuta zilizolala

Kuna swali naulizwa kila siku na washkaji hapa kafe: ile programu iliyotaka kunifukuzisha kazi ilikuwa ya nini hasa? Leo najibu mara moja kwa wote, halafu akija mwingine kuuliza namwonyesha ukurasa huu.

Kwa wasiojua kisa: mimi nimemaliza kidato cha nne, naandika andika humu, na jioni nakaa zamu kwenye kafe moja hapa Morogoro mjini. Tuna kompyuta nane. Ikifika saa mbili usiku wateja wanabaki wawili watatu, mashine nyingine zimewashwa tu zinatazama ukuta. Nikaona hasara. Nikashusha programu inaitwa BOINC, nikaiweka kwenye mashine sita, nikawa naziacha zinapiga hesabu za wanasayansi mpaka muda wa kufunga. Wiki mbili nikajiona mtafiti. Siku ya kumi na tano mwenye kafe akaniita: "Kijana, hizi yuniti za LUKU anazila nani?" Nikamweleza kwa fahari, sayansi, utafiti, malaria. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Vizuri sana. Uliniuliza?"

Sikuwa na jibu. Hayo tutayarudia, kwanza mjue programu yenyewe na mtu aliyeitengeneza.

NI NANI HUYU?

David P. Anderson ni Mmarekani, mtaalamu wa kompyuta, amezaliwa mwaka 1955. Shahada ya uzamivu aliipata Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison mwaka 1985, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mpaka 1992.

Jina lake lilivuma na SETI@home. Wazo la mwanzo lilitoka kwa David Gedye mwaka 1995: darubini kubwa ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ilikuwa inanasa mawimbi mengi kutoka angani, na mtu akitaka kutafuta humo dalili za viumbe wenye akili anahitaji nguvu ya kompyuta isiyonunulika. Sasa kwa nini usikate data vipande vidogo vidogo ukawagawia watu majumbani, kila mmoja kompyuta yake ichambue kipande wakati yeye kaenda kunywa chai? Anderson akawa kiongozi wa kazi hiyo, na tarehe 17 Mei 1999 ikazinduliwa. Watu zaidi ya milioni tano wakajiunga. Kiumbe wa angani hajapiga hodi mpaka leo, ila kitu kimoja kilithibitika: watu wa kawaida wako tayari kutoa kompyuta zao.

Lakini ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, programu ile iliandikwa kwa kazi moja tu. Mwanasayansi wa hali ya hewa au wa magonjwa akitaka kufanya vile vile ilibidi aanze upya kujenga kila kitu. Pili, wabongo wa huko nao wapo: kwa sababu kila kazi ilikuwa na pointi, baadhi ya watu wakaanza kuichakachua programu ili waonekane wamefanya nyingi kuliko wenzao.

HAPO NDO BOINC IKAZALIWA

Mwaka 2002 Anderson akaanza kuandika BOINC pale Berkeley, kwa fedha za mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani. Yeye hakutaka kujenga mradi mwingine. Alitaka kujenga barabara ambayo mradi wowote unaweza kupita. Na akaitoa kama programu huria, kwa leseni ya LGPL, maana yake msimbo wake uko wazi, yeyote anausoma, anautumia, anaurekebisha, hamlipi mtu. SETI@home yenyewe ikahamia humo, ule mfumo wa zamani ukafungwa Desemba 2005.

Kazi zilizofanywa na msimbo huo, kwa lugha ya kafe:

1. Inagawa kazi. Seva ya mradi inakata hesabu kubwa vipande, kila kompyuta inachukua kipande chake na tarehe ya kurudisha. Usiporudisha, anapewa mwingine.

2. Inakamata wachakachuaji. Kipande kile kile kinaweza kutumwa kwa kompyuta mbili za watu wasiojuana, halafu majibu yanalinganishwa. Yakipishana, anatafutwa wa tatu. Hii inasaidia pia pale mashine ya mtu ina joto au ubovu, ikatoa jibu la ajabu bila mwenyewe kujua.

3. Inavumilia umeme kukatika. Programu ya mradi inaweza kuweka alama ilipofika, umeme ukirudi inaendelea kutoka pale. Sie wa Bongo hapo tunaelewana.

4. Inamwachia mwenye mashine uamuzi. Wewe ndo unachagua mradi gani, saa ngapi, asilimia ngapi ya prosesa, na kama ifanye kazi wakati unatumia mashine au la.

Hamna hata moja kati ya hayo ambayo ni ugunduzi wa kisayansi. Anderson hakugundua dawa wala nyota. Kazi yake ni kama ya fundi aliyejenga daraja: anayesifiwa ni aliyevuka na mzigo, ila bila daraja mzigo ungebaki ng'ambo.

SIMULESHENI NI NINI KWANI?

Simulesheni ni kuigiza jambo la kweli ndani ya kompyuta kwa kutumia hesabu, ili uulize "ingekuwaje kama" bila kumdhuru mtu. Huwezi kuongeza hewa ukaa duniani mara mbili ili uone kitakachotokea. Ndani ya kompyuta unaweza.

Mfano mzuri ni climateprediction.net, mradi ulioongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Ulianza Septemba 2003, mwaka uliofuata ukahamia BOINC. Kila mtu aliyejitolea alipewa dunia yake ya kuigiza, yenye vipimo tofauti kidogo na ya jirani. Januari 2005 wakatoa majibu ya simulesheni zaidi ya 2,000 kwenye jarida la Nature: hewa ukaa ikiongezeka mara mbili, joto kwenye majaribio yao lilipanda kuanzia chini kidogo ya nyuzi 2 mpaka zaidi ya 11. Dunia moja ya kuigiza isingeonyesha upana huo, ilihitajika kuwa na maelfu.

NA SISI TUNAHUSIKAJE?

Hii ndo sehemu iliyonifanya nishushe programu. Taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya ukanda wa joto, wakati huo ikiwa Basel, ilikuwa na mradi unaitwa malariacontrol.net. Walikuwa na programu ya kuigiza malaria kijijini: ndani yake kuna watu mmoja mmoja, wana umri, wanaumwa na mbu, wanapata kinga kidogo kidogo, wanazaliwa, wanakufa, na saa inasogea kwa hatua za siku tano tano. Ukishakuwa na kijiji hicho unauliza: nikigawa vyandarua itakuwaje? Nikileta chanjo inayokinga nusu nusu je? Ili majibu yaaminike ni lazima uiendeshe mara nyingi sana na vipimo tofauti, na kompyuta chache za ofisini zingekesha miaka. Wakatumia BOINC, na mwaka 2006 ikawa ndani ya mpango wa Africa@home. Mradi ulifungwa mwaka 2016. Programu yenyewe ya kuigiza, OpenMalaria, nayo ni huria.

Sasa shikeni hapa. Misimu ya mbu iliyotumika kwenye hesabu hizo ilitokana na vipimo vya Namawala. Ndiyo, Namawala hii hii ya Kilombero, huku kwetu mkoani Morogoro, ambako watafiti wa Ifakara walikamata mbu usiku na kuwahesabu. Mbu wa Namawala akageuka namba, namba ikaenda Basel, kutoka Basel ikagawiwa kwenye kompyuta za watu wa dunia nzima waliokuwa hawajui Kilombero iko wapi.

Na haikuishia kwenye mchezo. Mwaka 2015 vikundi vinne vya waundaji wa simulesheni, OpenMalaria ikiwemo, vilitoa makadirio ya faida ya chanjo ya RTS,S, kwa kutumia matokeo ya majaribio yaliyofanyika nchi saba za Afrika, Korogwe na Bagamoyo zikiwemo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, baada ya kuangalia pia ilivyofanya kazi Kenya, Ghana na Malawi kuanzia 2019. Sisemi BOINC ndo imeleta chanjo, msininukuu vibaya. Nasema ni tofali moja kwenye ukuta ule.

ISICHOWEZA

Kuna mshkaji alisema basi tuachane na kompyuta kubwa za serikali, BOINC inatosha. Hapana. Kupalilia shamba unaweza kuita watu hamsini, kila mmoja na tuta lake, hawana haja ya kuongea. Kusukuma lori lililonasa ni lazima wote wasukume kwa pamoja kwa sauti moja. BOINC ni ya kupalilia. Hesabu ambayo kila kipande kinamsubiri mwenzake kila sekunde, kama utabiri wa mvua ya kesho, bado inataka kompyuta kubwa.

Pia ujue BOINC ni huria lakini programu ya mradi unaoiendesha inaweza isiwe huria. Na SETI@home iliacha kugawa kazi tarehe 31 Machi 2020, kwa hiyo ukikuta ukurasa wa zamani unakuambia ukajiunge huko, umechelewa. Miradi mingine ipo: Einstein@Home, Rosetta@home, World Community Grid. Simu za Android nazo zinaweza, tangu 2013.

KABLA HUJAIWEKA

Narudi kwa mwenye kafe. Nilidhani natoa kitu cha bure kwa sababu mashine zilikuwa zimekaa tu. Si kweli. Prosesa ikifanya kazi inakula umeme zaidi kuliko ikilala, feni inalia, mashine inapata joto. Niliyekuwa najitolea si mimi, ni yeye, bila kujua. Na kinachouma ni kwamba watengenezaji wenyewe wanasema wazi: usiiweke kwenye kompyuta ambayo huna ruhusa ya mwenyewe. Mfumo mzima wa Anderson umesimama juu ya mtu kukubali kwa hiari, mimi nikaruka hapo hapo.

Kwa hiyo: ya kwako weka, ya shule au kafe omba kwanza. Punguza asilimia ya prosesa. Angalia bando, kuna miradi ina mafaili makubwa. Andika namba ya mita kabla na baada ya wiki, ujue gharama. Na kama huna kompyuta kabisa, msimbo uko wazi, unaweza kuusoma ukajifunza, na maneno ya kwenye madirisha yake hutafsiriwa na watu wa kujitolea. Kiswahili hakihitaji LUKU.

Mimi nilizitoa zote sita. Juzi nimemwomba rasmi mashine moja, saa mbili kila usiku, nimempelekea na hesabu ya yuniti kwenye daftari. Amesema ataifikiria. Kakaa nalo daftari mpaka leo.

Kama kuna aliyeijaribu nyumbani na kupima umeme, atuwekee namba hapo chini kwenye maoni, nizipeleke kwa mzee.