Mabaki Mbele ya Mahakama: Ushahidi wa Kisayansi katika Kesi za Milipuko ya Birmingham (1974) na Dar es Salaam (1998)

Utangulizi

Mlipuko wa bomu huharibu sehemu kubwa ya ushahidi wake wenyewe. Kinachosalia ni vipande vya chuma, chembe za kemikali na kumbukumbu za manusura. Ndiyo maana wapelelezi na mahakama wameitegemea sana maabara, kwa imani kwamba kitu kisicho na ulimi hakiwezi kusema uongo. Makala haya yanaihoji imani hiyo kwa kulinganisha kesi mbili. Hoja kuu ni kwamba mabaki ya mlipuko si shahidi anayejitegemea: thamani yake hutokana na jinsi yalivyopimwa na jinsi ushahidi wa kinywa unaoambatana nayo ulivyopatikana.

Birmingham, 1974

Tarehe 21 Novemba 1974, mabomu yalilipuka katika baa mbili jijini Birmingham, Uingereza, yakaua watu 21. Usiku huohuo wanaume watano waliokuwa safarini kwenda Ireland Kaskazini walikamatwa katika bandari ya Heysham. Wa sita alikamatwa baadaye. Mikono ya wale watano ilifanyiwa kipimo cha Griess, kinachobaini masalia ya naitraiti kwa kubadilika rangi. Mkemia wa serikali aliieleza mahakama kuwa alikuwa na uhakika wa asilimia 99 kwamba baadhi yao walikuwa wameshika vilipuzi. Agosti 1975, wote sita walihukumiwa kifungo cha maisha.

Kasoro ilikuwa katika kipimo chenyewe. Hakikuweza kutofautisha nitrogliserini ya vilipuzi na nitroselulosi, iliyomo hata katika vanishi na karata za kuchezea. Na washtakiwa walikuwa wamecheza karata ndani ya treni. Hata hivyo, matokeo ya maabara yaliyatia nguvu maungamo ya wanne kati yao, ambayo walidai yalitokana na kipigo cha polisi. Maungamo nayo yakayatia nguvu matokeo ya maabara. Kila ushahidi uliuegemea mwingine, na hakuna uliosimama peke yake. Mahakama ya Rufani iliwaachia huru tarehe 14 Machi 1991, baada ya miaka 16 gerezani. Hasara haikuwa yao peke yao, kwani familia za marehemu 21 zilibaki bila kujua haki yao iko kwa nani.

Dar es Salaam, 1998

Tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam zilishambuliwa kwa malori yaliyosheheni vilipuzi. Watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam. Mwaka 2001, mahakama ya New York iliwatia hatiani washtakiwa wanne. Miongoni mwa vielelezo vilikuwamo masalia ya TNT na PETN yaliyokutwa katika mizigo ya mmoja wao, Mohamed Sadeek Odeh.

Kesi ya Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani, iliyosikilizwa mwaka 2010, ilileta mtihani mgumu zaidi. Upande wa mashtaka ulikuwa na kifaa cha kuwashia kilipuzi kilichokutwa kabatini katika makazi yake Dar es Salaam. Ulitaka pia kumleta shahidi aliyedaiwa kumuuzia TNT. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi huyo, kwa kuwa alijulikana kutokana na maelezo ambayo Ghailani aliyatoa kwa kushurutishwa akiwa mikononi mwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Kielelezo kilibaki, lakini hakikuweza kueleza alijua nini. Na utetezi ulishikilia kwamba alitumiwa bila kujua. Baraza la waamuzi lilimwachia kwa mashtaka zaidi ya 280, likamtia hatiani kwa moja. Januari 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Hitimisho

Wako walioiona hukumu ya 2010 kuwa udhaifu wa mahakama. Ikisomwa kando ya kesi ya Birmingham, hukumu hiyo ina maana nyingine. Birmingham, ushahidi wa shuruti na sayansi dhaifu viliruhusiwa kubebana. New York, mahakama ilivitenganisha, ikakubali kupata kidogo kilicho imara. Maabara inaweza kuonyesha kilichoguswa. Aliyekigusa alikusudia nini ni swali ambalo mahakama hulijibu kwa ushahidi mwingine, na ushahidi huo ukipatikana kwa dhuluma, hakuna chembe ya kemikali inayoweza kuusafisha.