Baharia wa Kukodiwa: Chimbuko la Wahusika Wadogo katika Vibonzo vya Segar

Tangu mwaka wa kwanza tumekaririshwa kwamba mhusika mdogo yupo ili kumjenga mhusika mkuu. Tunaiandika kwenye mitihani, tunapata alama, basi. Katika makala haya nakusudia kuipinga kauli hiyo, na ushahidi wangu hautoki katika riwaya wala tamthilia bali katika vibonzo vya magazeti ya Marekani, fani ambayo wengi wetu tunaidharau eti ni ya watoto.

Tarehe 19 Desemba 1919 mchoraji E. C. Segar alianzisha Thimble Theatre katika gazeti la New York Evening Journal. Humo alikuwamo Olive Oyl na mchumba wake Ham Gravy, kisha akaongezwa Castor, kaka yake Olive. (Majina yenyewe ni kichekesho: mafuta ya zeituni, mchuzi wa nguruwe, na mafuta ya mbarika, yale ya kuharisha!) Castor, mtu mwenye tamaa ya utajiri wa haraka, ndiye aliyekuja kuibeba hadithi kwa miaka mingi. Januari 1929 yeye na Ham wanataka kwenda kwenye kisiwa cha kamari, wakiwa na kuku wa ajabu ambaye ukimpapasa kichwa unapata bahati. Meli wanayo, baharia hawana. Bandarini Castor anamwona mtu mwenye jicho moja na mikono iliyovimba, anamwuliza kama ni baharia. Yule anamjibu kwa kejeli: kwani anafanana na mchunga ng'ombe? Huyo ndiye Popeye. Kimuundo kazi yake ilikuwa moja tu, kuwavusha wakubwa na kuwarudisha. Kibarua, bwana.

Safari ilipokwisha Segar akamwondoa. Wasomaji wakaandika barua wakidai arudishwe, na mwaka huohuo akarudi. Hapo ndipo kauli yetu ya darasani inapopwaya. Ham Gravy, mchumba wa miaka 10, alinyang'anywa Olive akafifia. Castor naye akageuka msaidizi katika hadithi iliyokuwa yake. Hata bahati yake ilichukuliwa: Popeye alipomiminiwa risasi katika safari ile ya kwanza, hakuokolewa na mchicha, aliokolewa na kumpapasa kuku wa Castor.

Wenyeji wa Chester, Illinois, alikozaliwa Segar mwaka 1894, husimulia kwamba Popeye alichorwa kutokana na Frank Fiegel, mpenda ngumi wa mjini, na Wimpy kutokana na William Schuchert, mwenye jumba la maonyesho ambako Segar alifanya kazi ujanani. Huenda ni kweli. Lakini chimbuko la aina hiyo hueleza sura tu. Fiegel hakumfukuza Ham Gravy. Waliomfukuza ni wasomaji. Wimpy mwenyewe aliingia mwaka 1931 kama refa tu wa ndondi, na kilichomkuza ni ulafi, woga na ahadi zake za kulipa Jumanne, mambo ambayo hayamjengi Popeye hata kidogo.

Bluto ni kisa kingine. Segar alimtumia katika safari moja tu ya mwaka 1932, akapigwa, akaisha. Lakini studio ya Fleischer ilipotengeneza filamu ya kwanza ya Popeye mwaka 1933 ilihitaji adui. Filamu ya dakika chache haina nafasi ya kumtambulisha mbaya mpya kila mara, kwa hiyo Bluto akaajiriwa moja kwa moja. Hapa aliyemzaa mhusika ni ufupi wa fani yenyewe. Kisha mwaka 1960, katika katuni za televisheni, kampuni ya King Features ikambadilisha jina kuwa Brutus, ikidhani kwamba jina la Bluto ni mali ya Paramount. Kumbe lilikuwa lake tangu kwenye gazeti.

Najua wapo watakaosema hiyo ni biashara, si fasihi. Sawa, lakini na riwaya zilizochapwa gazetini sehemu kwa sehemu tutaziitaje? Dickens naye aliuza hivyohivyo.

Mwaka 1980 Robert Altman alitengeneza filamu ya Popeye, na Robin Williams akaigiza yule kibarua wa bandarini. Ham Gravy yumo pia, ameigizwa na Bill Irwin, anapitapita katikati ya watu wa mji. Uchumba wake na Olive amepewa Bluto.