Kiapo cha muuguzi: kutoka kumtii daktari hadi kumtetea mgonjwa

Siku ya mahafali ya chuo cha uuguzi, iwe Tanzania au Kenya, kuna dakika chache ambazo ukumbi wote hutulia. Wahitimu husimama na sare zao nyeupe, mishumaa au kandili mikononi, na kutamka kwa sauti moja kiapo cha Florence Nightingale. Wakimaliza, vigelegele vinaanza, akina mama wananyanyua simu kupiga picha, na mgeni rasmi anapanda jukwaani kuwakumbusha kwamba uuguzi ni wito.

Nightingale hakuandika hata neno moja la kiapo hicho. Kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, mkuu wa chuo cha uuguzi cha Farrand kilichokuwa chini ya Hospitali ya Harper. Bibi Nightingale alikuwa London, umri umeshapita miaka 70, na jina lake liliwekwa kwa heshima tu. Gretter na wenzake walifuata mfano wa kiapo cha Hippocrates cha madaktari. Muuguzi aliahidi kuishi maisha safi, kutompa mtu dawa ya kumdhuru huku akijua, na kutunza siri za mgonjwa na za nyumba yake. Kisha akaahidi jambo ambalo daktari hakuwahi kuahidi kwa muuguzi: kumsaidia daktari katika kazi yake kwa uaminifu.

Ahadi hiyo moja imewapeleka watu mahakamani, imewaponza wagonjwa, na imechukua karibu miaka 80 kuondolewa katika maadili ya kimataifa ya taaluma hii.

Utii wenyewe haukuanzia Detroit. Nightingale alipofika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, Novemba 1854 akiwa na wanawake 38, madaktari wa jeshi la Uingereza hawakutaka hata kuwaona. Wodi zilifurika majeruhi wa vita vya Crimea, uchafu umejaa, kipindupindu na homa vinaua kuliko risasi. Pamoja na hayo Nightingale aliwakataza wauguzi wake kumgusa mgonjwa yeyote mpaka daktari aombe msaada. Wakakaa wanashona mashati na mito. Majeruhi walipozidi, madaktari wenyewe wakaja kuwaita. Mimi naiona ile kama siasa ya mwanamke mwerevu aliyejua kwamba akibishana siku ya kwanza atapandishwa meli kurudi kwao. Tatizo ni kwamba waliokuja baada yake waliichukua mbinu ile ya vitani wakaifanya kuwa amri ya maisha.

Kitu cha pili ambacho Nightingale aliwaachia warithi wake ni ugomvi wa rejista. Kwa muda mrefu mtu yeyote aliweza kujiita muuguzi, na hapakuwa na orodha ya kumfutia jina akiharibu. Ethel Gordon Fenwick, aliyekuwa metroni wa Hospitali ya St Bartholomew's kabla ya kuolewa, alianzisha chama mwaka 1887 kudai usajili wa serikali. Nightingale akapinga: mtihani, alisema, haupimi tabia. Mabishano hayo yaliendelea zaidi ya miaka 30. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya usajili Desemba 1919, Nightingale akiwa kaburini kwa miaka tisa, na rejista ilipofunguliwa jina namba moja lilikuwa la Bi. Fenwick. Nadhani alifurahi sana.

Ila Uingereza ilichelewa. Usajili wa wauguzi kwa sheria ya serikali ulianzia Afrika, katika koloni la Cape, mwaka 1891, kwa msukumo wa Sista Henrietta Stockdale wa hospitali ya Kimberley, mji wa machimbo ya almasi. New Zealand ikafuata mwaka 1901 kwa sheria ya wauguzi peke yao. Na katika rejista ya Cape, mwaka 1908, likaingia jina la Cecilia Makiwane, Mwafrika wa kwanza kusajiliwa kuwa muuguzi Afrika Kusini. Vitabu vingi vya historia ya uuguzi huanzia London na kuishia London, ndiyo maana haya hayasemwi sana.

Rejista ilibadilisha kitu kikubwa. Mwenye jina kwenye orodha ya serikali ana kitu cha kupoteza, kwa hiyo ana kitu cha kujibu. Swali likabaki: anamjibu nani?

Jibu la kwanza lililotikisa wauguzi wa dunia lilitoka Manila, Ufilipino, Mei 1929. Msichana aliletwa hospitali kuondolewa mafindofindo, upasuaji wa kawaida. Daktari wa upasuaji akamwagiza muuguzi mkuu wa chumba, Lorenza Somera, aandae kokeini ya asilimia 10 pamoja na adrenalini. Alichokusudia daktari kilikuwa prokeini, dawa ya ganzi isiyo kali. Somera akarudia agizo kwa sauti ili kuhakikisha, kama alivyofundishwa. Daktari akathibitisha. Dawa ikaandaliwa, daktari akaichoma kwa mkono wake mwenyewe, na msichana akafariki.

Daktari aliachiwa huru. Somera alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na mahakama ya juu haikumwokoa. Hoja dhidi yake ilikuwa kwamba muuguzi aliyesomea kazi alipaswa kujua kwamba agizo lile ni la hatari, na kulikataa.

Vyama vya wauguzi vya nchi mbalimbali vilipiga kelele na kuandika barua, na Somera akasamehewa kabla hajaanza kutumikia kifungo. Lakini waliosoma kesi ile kwa makini waliona mtego. Ukimkatalia daktari, unafukuzwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Ukimtii, unafungwa. Uonevu ulikuwepo, maana aliyekosea dawa na aliyeichoma alitoka huru. Hata hivyo, ndani ya uonevu ule mlikuwa na kanuni ambayo wauguzi wenyewe baadaye waliidai kama haki yao: muuguzi ana akili yake, na sheria itaipima akili hiyo kivyake.

Ujerumani ya Hitler ilionyesha utii ukifikia mwisho wake unafananaje. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Meseritz-Obrawalde, ambayo leo iko Poland, maelfu ya wagonjwa waliuawa kwa dozi kubwa za dawa za usingizi, na mikono iliyowanywesha ilikuwa ya wauguzi. Daktari mmoja na muuguzi mmoja walihukumiwa kifo Berlin mwaka 1946. Mwaka 1965 wauguzi wengine 14 walifikishwa mahakamani Munich. Utetezi wao ulikuwa ule ule: tuliagizwa. Wote 14 waliachiwa huru.

Ungetegemea kwamba baada ya vita taaluma ingeachana na utii mara moja. Haikuwa hivyo. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilipopitisha kanuni zake za kwanza za maadili São Paulo, Brazil, mwaka 1953, bado lilimtaka muuguzi atekeleze maagizo ya daktari kwa akili na uaminifu, likaongeza kwamba akatae kushiriki mambo yasiyo ya kimaadili. Mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Kilichosukuma mambo mbele kilitokea wodini. Novemba 1960, katika mji mdogo wa Charleston, Illinois, kijana wa miaka 18 alivunjika mguu akicheza mpira wa Kimarekani. Akafungwa hogo. Saa chache baadaye alianza kulalamika maumivu makali, vidole vya mguu vikavimba, vikawa vyeusi, kisha vikapoa na kufa ganzi. Wauguzi waliona. Daktari alilichonga hogo kidogo pembeni, baadaye akalipasua kwa msumeno, na harufu iliyotoka iliwafanya watu wageuze nyuso. Siku ziliendelea kupita. Alipohamishiwa hospitali kubwa ya St. Louis nyama ilikuwa imeshaoza, na mguu ukakatwa chini ya goti.

Mahakama ya Juu ya Illinois, mwaka 1965, ilisema jambo ambalo leo hufundishwa karibu kila chuo. Wauguzi wenye ujuzi wangepaswa kuangalia mzunguko wa damu kwenye vidole vile mara kwa mara. Wakiona hatari, wamwambie daktari. Daktari akizembea, wapande juu yake, waende kwa uongozi wa hospitali. Kuandika kwenye faili na kugeukia kitanda kinachofuata hakutoshi.

Mwaka uliofuata, 1966, mtaalamu wa magonjwa ya akili Charles Hofling alichapisha jaribio ambalo kila metroni angepaswa kulisoma. Mtu asiyejulikana alipiga simu wodini usiku, akajitambulisha kama daktari, akaagiza mgonjwa apewe miligramu 20 za dawa iitwayo Astroten. Lebo ya chupa ilisema isizidi miligramu 10. Maagizo ya simu yalikatazwa na kanuni za hospitali. Dawa yenyewe haikuwa kwenye orodha ya wodi, na kwa kweli ilikuwa sukari tu. Kati ya wauguzi 22, 21 walipima dozi na kuondoka nayo kuelekea kwa mgonjwa kabla ya kusimamishwa.

Hapo ndipo kanuni za mwaka 1973 zinapopata uzito wake. Baraza la Kimataifa lilikifuta kifungu cha uaminifu kwa daktari na kuandika kwamba wajibu wa kwanza wa muuguzi ni kwa watu wanaohitaji huduma yake. Daktari akawa mwenzake wa kazi. Miaka 80 tangu Detroit, kiapo kiligeuzwa uso, ingawa ukumbini bado kinasomwa kwa maneno yanayofanana na yale ya zamani.

Wajibu huo kwa mgonjwa una faida hata nje ya chumba cha dawa. Julai 2017, hospitali ya chuo kikuu huko Salt Lake City, muuguzi Alex Wubbels alikataa kumruhusu polisi achukue damu ya mgonjwa aliyepoteza fahamu. Alishika karatasi ya kanuni za hospitali, akazisoma moja moja huku msimamizi wake akisikiliza kwenye simu: lazima mgonjwa aridhie, au awe amekamatwa, au iwepo hati ya mahakama. Polisi akamfunga pingu na kumburuta nje. Baadaye polisi yule alifukuzwa kazi na Wubbels akalipwa fidia ya dola 500,000. Hakumpandishia mtu sauti hadi alipokamatwa; alichokuwa nacho ni karatasi moja na mgonjwa asiyeweza kujisemea.

Kwetu, sheria ziko wazi. Kenya ina sheria ya wauguzi, Sura ya 257, ya mwaka 1983. Tanzania Bara ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na Baraza la Uuguzi na Ukunga linalosajili, kutoa leseni, kusikiliza malalamiko na kumfutia mtu usajili akithibitika kuvunja maadili. Kufanya kazi bila leseni ni kosa. Siri ya mgonjwa, ridhaa yake, kumbukumbu sahihi kwenye faili, kukabidhiana zamu ipasavyo: haya yote ni wajibu wa kisheria, na muuguzi hawezi kuyafanya au kuyaacha kadiri ya moyo wake.

Kesi inayotuhusu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya Bungoma. Agosti 2013, miezi michache baada ya serikali ya Kenya kutangaza kujifungua bure katika hospitali za umma, mwanamke mmoja aliingia hospitali ya rufaa ya kaunti akiwa na uchungu. Vitanda havikutosha. Vifaa vingine aliambiwa anunue mwenyewe. Uchungu ulipozidi alitembea mwenyewe hadi leba, akakuta kumejaa, na aliporudi akaanguka sakafuni na kujifungulia pale pale. Wauguzi walimpiga vibao, wakamtukana, wakamwamuru abebe kondo la nyuma mwenyewe. Mgonjwa mwingine akarekodi kwa simu, na nchi nzima ikaona.

Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki yake ya afya na ya utu ilivunjwa, ikampa fidia ya shilingi milioni 2.5 na kuagiza aombwe radhi rasmi. Mahakama haikuishia kwa wauguzi. Ilisema serikali ya kaunti na ya taifa hazikuweka fedha, vifaa na usimamizi wa kutosha kwa huduma hiyo ya bure.

Hukumu hiyo inatufundisha namna ya kulalamika. Ukiwa na shauri dhidi ya muuguzi, liandike na ulipeleke kwenye baraza la uuguzi la nchi yako: jina la kituo, tarehe, saa, zamu, kilichosemwa, kilichofanywa. Usiishie kulisimulia kwenye daladala. Na kama usiku ule wodi nzima ilikuwa na muuguzi mmoja na vitanda vimelaliwa na wawili wawili, liandike na hilo katika barua ile ile.