Kilemba, Fremu na Notisi: Mpangaji na Mwenye Nyumba katika Historia ya Biashara ya Nzega



Historia ya wafanyabiashara huandikwa mara nyingi kwa kutaja waliojenga, walioagiza bidhaa na waliotoa sadaka. Katika toleo hili la kumbukumbu nimeona ni vema niandike jambo ambalo wazee wetu walilizungumza zaidi kuliko walivyoliandika: mtu alipataje haki ya kukaa katika duka, na aliipotezaje. Katika Nzega yetu, duka limekuwa riziki ya mwenye kuuza, ya mwenye nyumba, ya mpagazi na ya fundi cherehani aliyeketi barazani. Notisi ya kuhama inapobandikwa mlangoni, hao wote huisoma.

Nitakayoyaeleza yananionyesha jambo moja. Wengi waliotolewa madukani katika nchi hizi hawakutolewa kwa kushindwa kulipa kodi. Walitolewa kwa sababu makubaliano yao yalikuwa ya mdomo, na mdomo uliokubali ulikuwa umeshanyamaza.

Zama za misafara

Kabla ya kuwapo mji wa Nzega kama tuujuavyo, njia ya misafara ilitoka pwani ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora. Kutoka hapo misafara iligawanyika: mmoja kwenda Ujiji, mwingine kaskazini kuelekea ziwa kubwa na Karagwe. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, katika Unyanyembe, mwezi Novemba 1857, walikuwa na barua ya kuwatambulisha kwa Musa Mzuri, mfanyabiashara aliyetoka Surat katika Gujarat. Musa alikuwa safarini Karagwe. Kwa hiyo wakala wake, Snay bin Amir, aliwakaribisha na kuwaingiza katika nyumba tupu ya mfanyabiashara mwingine aliyekuwa amerejea Unguja.

Hapakuwa na hati wala kodi ya mwezi. Mgeni alikaa kwa heshima ya aliyemdhamini. Lakini hata hao wenye matembe makubwa walikuwa wageni kwa maana nyingine: ardhi ilikuwa ya mtemi, na walikaa kwa ridhaa yake na kwa zawadi walizompa. Mtemi Fundikira alielewana nao. Baada ya kifo chake, mrithi wake Mnwa Sele, ambaye wasafiri humwandika Manua Sera, aliwatoza ushuru wa bidhaa zao. Wafanyabiashara wa Kiarabu walidai kwamba hayo hayakuwa makubaliano ya awali. Ugomvi ukageuka vita. Mnwa Sele akaondolewa katika kiti na Mkasiwa akawekwa badala yake. Mnwa Sele alipigana akiwa msituni hadi alipouawa mwaka 1865. Biashara ya njia nzima iliumia kwa miaka mingi.

Kisa hiki huelezwa kama habari ya vita. Mimi hukisoma kama shauri la pango. Mwenye ardhi mpya alidai zaidi ya alichodai mtangulizi wake, wakaaji wakashikilia neno la marehemu, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kuamua. Wapangaji walikuwa na bunduki nyingi zaidi, wakamfukuza mwenye nyumba.

Mwenye nyumba naye ni mpangaji

Wajerumani walileta mtu huyo wa tatu, lakini wakamfanya pia kuwa mwenye mali. Amri ya mwaka 1895 ilitangaza kuwa ardhi isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni mali ya Dola. Waingereza, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, waliiweka ardhi chini ya mamlaka ya Gavana, na mtu akapewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, hata milki chache zilizokuwa za kudumu zilibadilishwa kuwa za muda. Kwa hiyo mwenye jengo katika mtaa wa maduka, awe Mnyamwezi, Msukuma, Mwarabu au Mhindi, naye ni mpangaji wa umma. Ana muda, ana masharti na ana kodi ya ardhi ya kulipa.

Thamani ya duka haikutokana na kuta zake. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la kwenda Mwanza lilifunguliwa mwaka 1928. Tawi hilo lilipita Bukene, likauacha mji wa Nzega kando. Nzega ikabaki mji wa barabara: hapa hukutana njia ya Tabora, ya Singida kupitia Igunga na ya Shinyanga kupitia Tinde. Pamba, karanga, mpunga na asali vilishuka kutoka vijijini. Kaniki, chumvi, majembe na mafuta ya taa vilipanda. Aliyekaa mahali pazuri penye njia alikuwa na mali ambayo haikuonekana katika matofali. Mali hiyo isiyoonekana ndiyo iliyozaa kilemba.

Kilemba

Neno duka tumelipokea Waswahili na Wagujarati kutoka katika shina moja, kwani kwetu husemwa dukan. Lakini lipo neno jingine linalofanana kwa maana badala ya sauti. Katika Bombay, fedha anayolipa mpangaji ili akabidhiwe ufunguo, mbali na kodi ya kila mwezi, huitwa pagdi. Maana yake ni kitambaa cha kichwani. Huku kwetu fedha hiyo hiyo huitwa kilemba. Katika desturi ya pwani, kilemba kilikuwa zawadi ya mwanafunzi kwa fundi aliyemfunza kazi. Katika biashara kikawa ada ya kuingia mlangoni.

Kilemba kilinawiri pale kodi ilipodhibitiwa na sheria. Tanganyika huru ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba mwaka 1962, na nyingine ikachukua nafasi yake mwaka 1984. Sheria hizo zilihusu nyumba za kuishi na za biashara pia. Mwenye nyumba hakuweza kupandisha kodi kupita kiwango kilichokubaliwa, wala kumtoa mpangaji bila amri. Ilimlazimu aonyeshe sababu: kodi haikulipwa, masharti yamevunjwa, au analihitaji jengo kwa matumizi yake. Wajumbe wa baraza la nyumba walipima kama ni haki kumtoa.

Ulinzi huo ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa na upande wa pili. Mwenye nyumba ambaye kodi yake ilibaki palepale wakati saruji na mabati vilipanda bei hakuwa na hamu ya kutengeneza paa. Alichokikosa katika kodi alikitafuta katika kilemba. Na kwa kuwa kilemba hakikutakiwa kuonekana, hakikuandikiwa risiti. Mpangaji alilipa fedha nyingi kuliko kodi ya miaka kadhaa, akapata neno: “Kaa, hapa ni kwako.”

Miaka ya 1971 na 1976

Tarehe 22 Aprili 1971 Mwalimu Nyerere alitangaza utaifishaji wa majengo. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambalo mwenyewe hakuwa akilikalia lote, lilichukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Fidia ilitolewa kwa majengo yasiyozidi miaka 10, kwa kiwango kilichopungua kadiri jengo lilivyozeeka. Jengo lililozidi umri huo halikulipiwa kitu. Katika Dar es Salaam na miji mingine, watu waliolala wakiwa wenye nyumba waliamka wapangaji katika vyumba walivyojenga wenyewe. Mwaka 1990 majengo hayo yalihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwa limeundwa mwaka 1962.

Nia ya Serikali ilikuwa kuzuia wachache wasiishi kwa kodi ya wengi, na wapo wapangaji wengi walioshangilia. Familia nyingi za jumuiya yetu zilifungasha wakaenda Uingereza, Kanada na India. Waliobaki walijifunza jinsi ilivyo kusubiri uamuzi wa mwenye nyumba ambaye huwezi kumwona uso.

Mwaka 1976 lilikuja jaribu lingine, Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Maduka hayo mapya hayakuwa tayari. Sukari, sabuni na chumvi zikaadimika, na Serikali ikalegeza agizo hilo. Hapa hakuna aliyedaiwa kodi wala aliyevunja mkataba. Lakini duka lililofungwa hata kwa muda mfupi hupoteza wateja, na madeni ya daftari hayalipiki.

Baada ya 2005

Sheria ya udhibiti wa kodi ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba hutawaliwa na mkataba wao, pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Pasipo mkataba unaotaja muda, anayelipa kwa mwezi huhesabiwa kuwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na notisi yake hufuata kipindi hicho hicho.

Mabadiliko hayo yaliikuta Nzega katika kipindi cha fedha mpya. Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, pale Lusu, ulianza uzalishaji mwishoni mwa mwaka 1998. Madalali waliongezeka, na fremu zilizokuwa za kuuzia chumvi zikatafutwa kwa ajili ya simu na vipuri. Mgodi ulipofikia mwisho wake mwaka 2013 na 2014, baadhi ya kodi zilizopandishwa kwa ajili yake hazikushuka.

Familia yangu iliyapitia hayo. Baba alikuwa amelipa kilemba kwa mzee mmoja ambaye jina lake nalihifadhi, kwa kuwa alikuwa mtu mwema. Walikunywa chai pamoja kwa miaka mingi. Mzee alipofariki, warithi wake walikuta jengo, na hawakukuta karatasi. Walituletea notisi ya mwezi mmoja. Tulisema juu ya kilemba. Wakauliza risiti iko wapi. Hawakuwa waongo, na sisi pia hatukuwa waongo. Wazee wa mtaa walituketisha, tukapewa miezi ya kumaliza mali iliyokuwa ndani, kisha tukahama. Fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za shule kwenye baraza letu hakutajwa katika notisi wala katika kikao. Asubuhi ile alibeba cherehani yake kichwani akaenda kutafuta baraza jingine.

Majirani zetu

Kenya ilichagua njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 1965 inayohusu maduka na hoteli humlinda mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa maandishi, na hata mwenye mkataba wa muda usiozidi miaka 5. Mwenye nyumba hutoa notisi isiyopungua miezi miwili kwa fomu maalumu, na mpangaji akipinga, shauri huenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Uganda ilipata somo chungu zaidi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na maduka yao yakawekwa chini ya bodi ya uangalizi na kugawiwa wengine. Wenyewe waliporudi, hasa katika miaka ya 1990, waliwakuta wapangaji waliokuwa wamelea watoto katika majengo hayo. Mwenye hati na mwenye jasho walitazamana mlango mmoja, kila mmoja akiwa na haki yake.

Lililo mikononi mwetu

Leo katika Nzega wapo waumini wa hekalu hili wenye fremu za kupangisha, na wapo walio wapangaji wa majirani Wanyamwezi na Wasukuma. Kwa hiyo siandiki kwa upande mmoja. Mwenye nyumba anayetaka kubomoa kuta za udongo ili ajenge ghorofa kwa ajili ya wanawe hatendi dhambi. Mpangaji aliyeupa mlango ule jina kwa miaka 30 naye hatendi dhambi akiomba muda na heshima.

Kinachowezekana ni haya. Mkataba uandikwe, utaje muda, namna ya kupandisha kodi na urefu wa notisi; kwa duka, mwezi mmoja ni mfupi mno. Ulipiwe ushuru wa stempu, kwani bila huo karatasi haipokelewi kirahisi kama ushahidi. Fedha yoyote ya kuingilia iandikwe kwa jina lake, na isemwe kama itarudishwa au la. Warithi wa pande zote waonyeshwe mkataba wazee wakiwa hai. Mtu wa barazani naye atajwe, japo kwa mstari mmoja. Na ugomvi ukizuka, kufuli la usiku lisiwe hakimu: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo kwa kazi hiyo, na kabla yake wapo wazee wa mtaa.

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wagujarati tumelishika neno hilo kwa upande wa hesabu: kila Diwali tunaweka vitabu vipya vya biashara mbele ya Lakshmi na kuviombea baraka kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Mwaka huu, pamoja na daftari la mauzo, kila mmoja wetu alete na mkataba wake wa pango. Asiyekuwa nao anazo siku za kutosha kabla ya Diwali kumtembelea mwenye nyumba wake, au mpangaji wake, wakanywa chai na kuandika.