WATOTO WENYE VIUNGO DHAIFU: NJIA ILIYOPITWA KATIKA NCHI ZETU



Katika siku hizi za jubilei tunahesabu makanisa yaliyojengwa, ubatizo na ndoa. Inafaa tuwakumbuke pia watoto ambao miguu yao haikuwafikisha kanisani, tukiuliza ni nani aliyewabeba.

Zamani polio iliwapooza wengi. Union Minière, na baadaye Gécamines, walikuwa na hospitali kwa wafanyakazi na jamaa zao. Lakini dawa ya kufufua msuli uliopooza haikuwapo, wala haipo hata leo. Mtoto wa namna hiyo alihitaji chuma cha kushika mguu, magongo, mazoezi ya kila siku, na shule. Akivikosa, alibaki nyumbani akitambaa.

Mfano ulitoka kwa jirani zetu wa Rwanda. Mwaka 1960, huko Gatagara, Padri Joseph Fraipont, Mbelgiji wa kuzaliwa, alifungua nyumba ya watoto vilema chini ya ulinzi wa Bikira wa Maskini. Alijitwalia jina la Kinyarwanda, Ndagijimana. Alikufa mwaka 1982, na kazi yake ingaliko: matibabu na shule mahali pamoja.

Polio ya asili ilionekana mara ya mwisho katika Kongo mwaka 2011, na tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa imeokoka nayo. Hata hivyo, pale chanjo inapowakosa watoto wengi, virusi vilivyotokana na chanjo yenyewe vimeendelea kupooza.

Tena ulemavu hauna mlango mmoja. Yuko mtoto ambaye ubongo wake uliumia kwa kukosa hewa alipozaliwa, au kwa malaria ya ubongo. Mazoezi hayaponyi ubongo huo. Yanazuia viungo visikakamae, yanamfundisha kuketi na kushika kijiko. Yuko pia aliyezaliwa na mguu uliopinda. Kwa njia ya Mganga Ponseti, mguu hunyoshwa polepole na kufungwa plasta mpya kila juma, mara tano au sita, kisha mtoto huvaa viatu vyenye chuma usiku kwa miaka kadhaa. Uganda ilianza kueneza njia hiyo mwaka 1999.

Huku kwenye migodi, mama wa mtoto aliyezaliwa na kilema husikia maneno ya uchawi na laana. Basi ajue hili: mwaka 2020 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven walitangaza uchunguzi juu ya watoto 138 waliozaliwa na vilema mjini Lubumbashi, wakilinganishwa na 108 wazima. Vilema vilionekana zaidi kwa watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya migodi. Uchunguzi huo hauelezi kila mtoto, lakini unatosha kunyamazisha ulimi unaomhukumu mama.

Yule mwenye kupooza wa Kafarnaumu alibebwa na watu wanne. Mganga huonyesha zoezi siku moja. Siku sita zinazobaki ni za mama, dada na bibi. Plasta ya juma la tatu ikikosekana kwa sababu ya nauli au haya, mguu hurudi ulivyokuwa. Nauli hiyo na haya hiyo ni mzigo wetu sote katika parokia hii.